Kwa Turubai, Bonyeza Moja

Jumatatu, 9 Juni 2025

Imekubali! Programu imekubali! Hapa hapa dukani kwangu Nachingwea, kati ya mashine ya fotokopi na ndoo ya maji. Nimeiandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kompyuta, hadi macho yamekuwa mekundu, na leo asubuhi ukurasa umefunguka. Kalenda ipo. Picha ya turubai la bluu ipo. Kitufe cha kuweka nafasi kipo. Nikajipigia makofi. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akasema atarudi baadaye.

Chini ya kioo pametokea onyo jekundu kwamba hii ni seva ya majaribio, isitumike kwa kazi halisi. Onyo la waoga. Nimelibandikia karatasi, halionekani tena.

Kwa kumbukumbu, maana siku nikitajirika watu watataka kuisoma shajara hii: programu ni ya Mjomba Kaimu wa Nkowe, anayekodisha turubai, viti, sufuria na spika. Mwaka jana msimu wa unyago turubai liliahidiwa kwa nyumba mbili siku moja, na wote wakaja kulichukua na ngoma zao. Wakavutana nalo hadi likachanika katikati. Tangu siku hiyo Mjomba anataka tovuti, watu wa Ruangwa na Nachingwea waone wenyewe lini turubai lina nafasi. Nikajitolea. Mjomba huyo si wangu. Ni mjomba wake Mwamini, na Mwamini ndiye ninayetaka kumuoa. Basi, nimeshaandika.

Nilijaribu njia ya mkato kwanza. Mwezi uliopita nilimtuma mshenga wangu, Ismaily fundi cherehani, kwa baba yake Mwamini, kwa kuwa baba ni mpole na anakaa mtaa wa pili. Baba akampa Ismaily chai na mihogo, kisha akamwambia kwamba huku kwetu mtoto ni wa ujombani, neno analo Kaimu. Nilijua. Nilidhani labda mwenyewe amesahau.

Jumamosi Mjomba anakaa na wazee wa ukoo. Tovuti ikisimama, posa yangu imesimama. Ikianguka, kuna bwana mmoja wa Malolo mwenye bati jipya na pikipiki mbili, na mshenga wake ameshaonekana Nkowe akinywa uji.

Jumanne, 10 Juni

Nimekodi seva ya mbali. Iko nchi gani sijui, lakini inajibu haraka kuliko watu wa hapa.

Dionisia wa duka la mbele ameingia bila hodi. Alisomea kompyuta chuo cha Mtwara na haipiti siku bila kututajia. Akauliza kama nimeweka Nginx mbele ya programu. Nikasema bila shaka. Akatoka huku anacheka. Nikafunga mlango nikaanza kutafuta Nginx ni nini.

Kumbe ni jambo jepesi! Hiyo Nginx ni seva inayokaa mlango wa barabarani. Mgeni akija, inampokea yenyewe, inaingia ndani kuuliza programu, inarudi na jibu. Mgeni haioni programu hata siku moja. Nikamweleza Ismaily, ambaye cherehani yake iko barazani kwangu. Akatoa pini mdomoni, akasema huyo ni mshenga. Ndivyo hasa. Akauliza kama na Nginx imeahidiwa kanzu, maana kuna mshenga mmoja anayemjua aliahidiwa kanzu na hajaiona. Nikabadilisha mazungumzo.

Akauliza tena: je, mshenga akiingia ndani akamkuta mwenyewe amelala? Nikamwambia programu yangu hailali. Huyu mtu ana maswali ya mkosi.

Jumatano, 11 Juni

Siku ya balaa.

Asubuhi nikafungua tovuti kwenye simu. Ukurasa mweupe, na maandishi makubwa ya Kiingereza kwamba lango ni bovu, namba 502. Nikazima, nikawasha. 502. Nikabadilisha bando. 502. Nikamlaumu Dionisia kwamba ananiibia mtandao. Akaja, akatazama kwa muda wa kupiga chafya, akasema programu yangu inasikiliza mlango namba 5000, na Nginx nimeituma kubisha mlango namba 8000. Mshenga wangu alikuwa anabisha nyumba isiyo na mtu! Dionisia akaongeza kwamba si mara yangu ya kwanza kumkosesha mshenga nyumba. Habari za mtaani anazo zote huyu.

Nikarekebisha. Ikafunguka! Nikaenda kuswali alasiri na moyo mweupe, kompyuta yangu ya kukunja nikamwachia Ismaily anilindie. Niliporudi: 502.

Ismaily akasema hajagusa kitu. Ameifunika tu, vumbi lisiingie.

Hapo ndipo nilipoijua siri. Programu iko kwenye seva ya mbali, sawa, lakini nimeiwasha kwa kupitia dirisha la kompyuta yangu. Dirisha likifungwa, au mtandao ukikatika, programu nayo inakata roho. Dionisia alisikia ninavyofoka akaja kusema dawa yake ni ndogo: niiweke ndani ya Gunicorn, chombo cha kuendeshea programu za Python, niiandikishe kwenye seva kama huduma, seva yenyewe iwe inaiamsha kila ikianguka. Anaweza kunionyesha jioni hii hii, sharti nimwombe vizuri.

Nimwombe vizuri! Mimi! Nimepata dawa yangu mwenyewe. Kompyuta haitafungwa tena mpaka nioe.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimekwenda Nkowe kumwonyesha Mjomba kazi kabla ya kikao. Nimekwenda kwa bodaboda. Nimepakata kompyuta ikiwa wazi, nimeifunga kwa kanga ya mama kifuani, na simu ya kuirushia mtandao iko mfukoni mwa shati. Dereva akauliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia aangalie barabara.

Watu waliokuwa wanapura ufuta kandokando walisimama kututazama. Kilima kimoja kabla ya Nkowe, upepo ukafunua kanga, mwanga wa kioo ukamwingia dereva kwenye kioo cha pembeni, akadhani ni gari, akatupeleka kwenye mikorosho iliyopuliziwa salfa asubuhi ile. Hakuna aliyeumia. Kompyuta imekuwa ya njano. Bado inawaka, inavuta pumzi! Kisha nikatazama simu. Mtandao hakuna. Bonde lote lile hakuna.

Nikamfikia Mjomba nikiwa na salfa kichwani. Amekaa barazani na simu yake mkononi, ameshafungua tovuti. 502. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza hiyo namba ni ya nini. Nikamwambia ni idadi ya watu waliotembelea. Akatikisa kichwa polepole, akasema ni wengi kwa Nkowe. Akaniagiza niende nikaoge kisimani, na kwamba Jumamosi wazee wataitazama wao wenyewe.

Nimerudi jioni. Mwamini, ambaye anafundisha chekechea hapa jirani, alikuja dukani na chaki bado vidoleni. Akanipangusa salfa sikioni. Nikasahau shida zote. Kisha akasema kama kitu kimeharibika nimwambie mjomba wake kwamba kimeharibika, basi, yeye ni mtu wa kuelewa. Nikamwambia hakuna kilichoharibika. Akasema sawa, akaondoka.

Nampenda mtu huyu mpaka naona aibu kuandika. Yule wa Malolo hampati. Afe na bati lake.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata! Nimepata wakati wa hotuba ya Ijumaa, Mungu anisamehe.

Tatizo ni programu. Nginx haijawahi kuanguka hata mara moja. Mshenga ni mzima, mwenye nyumba ndiye mgonjwa. Basi kwa nini tuwe na programu? Nimeitoa! Nimeiambia Nginx imwonyeshe kila mgeni ukurasa mmoja uliotulia: picha ya turubai la bluu, maneno "Mfumo wa Kisasa wa Kukodi", na namba ya simu. Namba ni laini yangu ya pili. Mtu akipiga, nyuma ya mshenga atanikuta mimi. Mimi ndiye Python.

Lakini mtu akisikia sauti ya mtu atasema hiyo si kompyuta. Kwa hiyo nimefanya mazoezi ya sauti. Naziba pua kidogo. Natenganisha maneno. "Karibu. Kwenye. Mfumo. Kwa turubai, bonyeza moja. Kwa sufuria, bonyeza mbili. Kwa spika, bonyeza tatu." Ismaily alisimamisha cherehani akauliza kama naumwa.

Mteja wa kwanza alipiga kabla ya alasiri! Bi Rozalia wa Mkotokuyana, anaoza binti yake Jumamosi ijayo. Nikamwambia abonyeze moja. Akabonyeza zote kwa pamoja, masikio yakanivuma. Nikasema kwa pua: chaguo lako limepokelewa. Akaishukuru mashine, akaiombea dua, akaiuliza na hali ya nyumbani. Nikasema nyumbani ni wazima. Nimeandika kwa chaki nyuma ya mlango: Jumamosi ya tarehe 21, Mkotokuyana.

Wakaja wengine. Wote wameridhika. Hakuna 502 hata moja. Dionisia amesimama mlangoni kwake mikono kiunoni anasikiliza. Wivu huo.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika mlango ukiwa bado umefungwa.

Ismaily alikwenda Nkowe tangu asubuhi kuniwakilisha kikaoni. Mimi nimebaki dukani na laini ya pili, nimejifungia, maji ya moto na tangawizi pembeni kwa ajili ya koo. Adhuhuri ikaita. Nikaziba pua, nikapokea.

Nikasikia kukohoa kwa wazee wengi kwa mara moja. Simu ilikuwa imewekwa spika, katikati ya mkeka. Kisha ile sauti, nzito, taratibu, ikasema huyu ni Kaimu wa Nkowe.

Nami nikasema, "Shikamoo, Mjomba."

Limetoka lenyewe! Sikulituma! Nani anaweza kusikia sauti ile akakaa kimya? Mama yangu alinitandika nikiwa na miaka minne kwa sababu nilimpita mzee bila kumwamkia, sasa ona matokeo yake.

Kisha Mjomba akaitikia marahaba, bila kucheka, akauliza hapo anaongea na mashine? Nikaziba pua haraka, nikasema ndiyo, hii ni mashine. Akauliza Jumamosi ijayo turubai lina nafasi? Nikatazama mlango. Nikasema halina, liko Mkotokuyana kwa Bi Rozalia. Nikawasikia wazee wakiguna. Mzee mmoja akauliza na Jumapili yake je? Nikasema ipo nafasi, ila kamba moja inahitaji kushonwa. Wakaguna tena, safari hii kwa kupendezwa.

Halafu Mjomba akasema ana swali lingine kwa mashine. Kuna kijana wa Nachingwea anaitwa Fahadi anamtaka mpwa wake. Je, mashine inamfahamu? Ni mtu wa kuaminika?

Jasho lilinitiririka mpaka kwenye viatu. Nikasema: kijana huyo ni mwaminifu, ni mchapakazi, na ni mzuri wa sura. Asante kwa kutumia mfumo.

Akasema mashine ifikishe salamu kwa mama yake Fahadi. Nikasema zimefika.

Simu ikakatwa. Sijui nimeshinda au nimezikwa. Nimekunywa tangawizi yote.

Jumapili, 15 Juni

Ismaily amerudi. Huyu ni mshenga wa neno kwa neno, hapunguzi hata kikohozi, kwa hiyo nimesikiliza kikao chote kuanzia dua ya kufungulia, na nani alitafuna nini. Nilitaka kumkaba. Hatimaye akafika.

Mjomba alipokata simu aliwatazama wazee, akasema hivi: "Hakuna mashine inayoniamkia. Huyo ni kijana, tena amefundwa kwao. Uongo tutamtoa taratibu."

Amekubali! Posa imekubaliwa! Nimemkumbatia Ismaily na pini zake zote. Yule wa Malolo amerudishiwa heshima zake na bati lake.

Kuna vijisharti. Kwanza, baada ya harusi nikakae Nkowe ukweni kama ilivyo desturi, nikabebe turubai kwa mabega yangu. Tutaliangalia hilo. Pili, tovuti amepewa Dionisia. Ismaily alimpitishia maagizo kabla hata ya kufika kwangu, na kabla sijamaliza kusikia habari za dua, Dionisia alikuwa ameshamaliza. Kalenda imerudi, ile ile yangu, kitufe kinabonyezeka, Nginx mbele, Gunicorn nyuma, na ikianguka seva inaiamsha yenyewe. Namba yangu ameiondoa. Nikamwambia kuwa chochote kinachofanya kazi pale ni Python yangu. Akakubali kwamba ni yangu, akasema ilikuwa programu nzuri tangu mwanzo, ilikosa mtu wa kuitunza tu. Sijui ametaka kusema nini. Nitatafuta njia ya kumkomoa.

Tatu, na hili Ismaily alilisema akiwa anatazama chini: Mjomba amesema neno lake ameshalitoa, sasa limebaki la Mwamini mwenyewe. Atanipigia.

Hilo ni la kawaida tu. Mwamini si wangu? Naenda kulala usingizi wa bwana harusi.

Jumatatu, 16 Juni

Laini ya pili imeita asubuhi, nikiwa nafungua duka. Nafasi za turubai sasa anazo Dionisia, sina kazi na namba hiyo tena. Nilikuwa niseme tu, umekosea, nenda kwenye tovuti. Lakini mkono wenyewe ukaenda puani. Karibu. Kwenye. Mfumo.

Alikuwa Mwamini. Nyuma yake watoto wa chekechea wakiimba herufi.

Akasema, "Fahadi, najua ni wewe. Mjomba amekubali, lakini anayeolewa ni mimi. Sitaki mshenga, sitaki mashine. Niambie kwa mdomo wako kwamba unanitaka, na kwamba pale hapakuwa na mfumo wowote. Ukisema hivyo tu, mimi nimekubali."

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka! Maneno yalikuwa yamejipanga kooni, yote mawili matatu, nilikuwa nayo tangu mwaka juzi. Lakini mtu aliyeziba pua ameshaziba pua. Ningeanzaje kuwa mtu katikati ya sentensi? Angesema kumbe kweli nilidanganya. Nikaona bora nimalize kwa ustaarabu, halafu nimtafute jioni kama Fahadi, niwe sijui lolote. Mpango safi kabisa.

Nikasema, "Ombi lako limepokelewa. Kuthibitisha, bonyeza moja."

Watoto wamefika herufi M. Nilimsikia anavuta pumzi.

Akabonyeza mbili.

Mbili ni sufuria. Nikamuuliza anataka za ukubwa gani.

Akakata.

Nimekaa na jambo hili siku nzima, na sasa nimeliona kosa lilipo. Sauti. Sauti yangu inatetemeka, haina utulivu, mtu hawezi kuiamini na jambo kubwa. Nimempigia Mwamini tangu mchana kwa laini zote mbili ili nimweleze kuwa mfumo uko kwenye matengenezo. Kila nikipiga anapokea dada mmoja, anasema mteja ninayempigia hapatikani kwa sasa, nijaribu tena baadaye. Dada ana sauti! Tulivu, tamu, haigugumii, haibanwi na mafua. Nimemsikiliza mara nyingi, nimekuta hata siudhiki.

Kesho asubuhi nitamtafuta anakopatikana anirekodie maneno machache. Akimpigia Mwamini kwa niaba yangu, Mwamini hawezi kukataa.